STL ya kikombe cha Pelton imejaa matundu: naweza kufanya FEM bila meshi inayofuata umbo?

rwenzori_fundi (Kasese)

Wakubwa habari za kazi. Nina shida ya FEM (hesabu ya mkazo kwa kukata umbo vipande vidogo), naiweka kwa urefu kidogo mnivumilie.

Huku kwetu kuna katabaini kadogo ka Pelton, lile gurudumu la vikombe vinavyopigwa na maji, maji yanashuka kwa bomba kutoka mlimani, kanaendesha kinu cha mahindi na taa za nyumba za jirani. Vikombe vyake vinakatika. Havikatiki mdomoni kule maji yanakopiga, vinakatika kwenye shina, pale kikombe kinapoingia kwenye sahani ya katikati na kufungwa kwa bolti mbili. Vingine ni vya tangu mwanzo, vingine vimesubiwa hapa hapa kwa kunakili vya zamani, vingine vimelehemiwa juu ya kulehemiwa, na mchoro hakuna, ukiuliza unaambiwa muulize fulani na huyo fulani alishahama. Basi nikaazima skana, nikaskani kikombe kimoja kizima na kimoja chenye ufa.

Tabu ikaanzia hapo. STL (faili la ngozi ya umbo kwa pembetatu) imetoka na pembetatu zaidi ya milioni, ina matundu nyuma ya ule ukuta wa katikati unaogawa maji kwa sababu mwanga wa skana haukufika, kuna pembetatu zinapita katikati ya nyingine, kuna vipande vinaelea hewani havijashikana na chochote. Gmsh, programu ya kutengeneza meshi (vile vipande vya hesabu), inagoma kabisa kujaza ndani. Nikienda Blender (programu ya kuchora 3D) naziba tundu hili linafunguka lile, alafu nikishamaliza yote ule mviringo wa shina umelainishwa mpaka si wa kikombe changu tena, na ndo mahali penyewe ninapopataka! Na sitaki kikombe kimoja tu, nataka kulinganisha cha sasa, chenye shina nene, chenye mviringo mkubwa zaidi pale shinani, na hicho chenye ufa. Kila mara nianze upya kuziba na kutengeneza meshi? Banange.

Nimesoma juu juu kwamba kuna njia unaweka meshi ya maboksi matupu, umbo linakaa kivyake na meshi kivyake. Ni kweli au ni mambo ya makala tu? Programu inajuaje ndani na nje wakati STL ina matundu? Nguvu ya maji naiweka wapi kama hakuna nodi (pointi za kona za meshi) hata moja iliyo kwenye ngozi ya kikombe? Na mkazo wa pale shinani utakua wa kuaminika?

Namba: kimo cha maji kama mita 100, lita 20 kwa sekunde, nozeli moja, kipenyo cha gurudumu mpaka katikati ya vikombe sm 42, mzunguko karibu 1000 kwa dakika, kikombe kina upana wa mm 75 hivi na ukuta wa mm 5. Laptopu ina RAM ya GB 16, na umeme wenyewe mnaujua.

mama_matriksi (Kampala)

Karibu ndugu yangu. Ni kweli, na si jambo la jana. Peskin alianza nalo mwaka 1972 akikokotoa damu inavyopita kwenye vali za moyo, vali inacheza ndani ya gridi isiyosogea. Kwa vitu vigumu kama chako kuna njia ya seli ya Parvizian, Düster na Rank ya 2007, watu wanaiita FCM, na kuna familia ya CutFEM ambayo makala yake kubwa ya Burman na wenzake ilitoka 2015. Majina mengi ila msingi ni ule ule. Unachukua boksi linalokifunika kikombe chote, unaligawa seli za mchemraba, alafu unakua na fanksheni moja ambayo ukiipa pointi yoyote inakurudishia umbali wa kutoka hapo mpaka kwenye ngozi ya chuma, hasi ukiwa ndani, chanya ukiwa nje, sifuri ukiwa kwenye ngozi yenyewe. Umbo lote linaishi humo kwenye fanksheni. Meshi haina habari kama ni kikombe au ni sufuria.

Seli iliyo ndani kabisa unaikokotoa kama kawaida. Iliyo hewani kabisa unaitupa. Kazi iko kwenye zile zilizokatwa na ngozi: unaigawa vipande nane, kile kipande ambacho bado kimekatwa unakigawa tena nane, unashuka hivo mpaka ngazi ya nne au ya tano, alafu kila pointi ya Gauss (pointi ambapo hesabu inajumlishwa) unaiuliza uko ndani au nje, ikiwa nje unazidisha ugumu wa chuma kwa kitu kidogo kama 10⁻⁸. Na usichanganye hapa maana wengi wanachanganya, hivo vipande ni vya kujumlisha tu, havileti nodi mpya, kwa hiyo matriksi (jedwali la milinganyo yote) haikui hata ukishuka ngazi kumi. Kinachokua ni muda wa kuijaza, kama mara nne kwa kila ngazi, kwa sababu ni vipande vya kwenye ngozi peke yake vinavyoendelea kugawanywa.

Sasa matundu yako, hapa utafurahi. Njia ya kizamani ya kujua ndani na nje ni kupiga mstari kutoka kwenye pointi na kuhesabu umekata ngozi mara ngapi, witiri uko ndani, shufwa uko nje. Kwa STL yako hiyo haifai, mstari ukipita kwenye tundu jibu linageuka na safu nzima ya seli inakua chuma mahali pa hewa. Tumia namba ya mzunguko, ile ya Jacobson, Kavan na Sorkine-Hornung ya 2013. Inafanya hivi: simama kwenye pointi, tazama pande zote, kila pembetatu inafunika sehemu fulani ya upeo unaokuzunguka, chukua kiasi hicho na alama yake kulingana na uso unaokutazama ni wa ndani au wa nje, jumlisha zote, gawa kwa 4π. Umbo lililofungwa vizuri linakupa 1 ndani na 0 nje, bila kubahatisha. Lenye matundu linakupa 0.93 hapa, 0.08 pale, na unakata shauri kwenye 0.5. Tundu linazibwa lenyewe na hujagusa pembetatu hata moja, wala mviringo wa shina haujalainishwa. Kuna toleo la haraka la 2018 na yote mawili yapo kwenye libigl, maktaba ya kodi za maumbo, kwa pembetatu milioni chukua la haraka, la kawaida utakesha.

Angalizo ni pembetatu zako ziwe zinatazama upande mmoja. Kama nusu zimegeuka, jumla inajifuta yenyewe na hakuna cha kuokoa. Vile vipande vinavyoelea vifute kwanza kwa kuangalia vilivyoungana. Na tundu likiwa nyuma ya ukuta wa katikati lipuuze, ila likiwa kwenye shina rudi ukaskani tena, maana hesabu hapo itabuni ngozi laini ambayo chuma chako hakina.

mzee_wa_katwe

Vijana hesabu mnaziweza, sibishi. Mimi nasubu na kuchonga vyuma tangu ninyi hamjazaliwa, na vikombe vya namna hiyo vimepita mikononi mwangu.

Kijana, kabla hujanunua bando la kupakua maprogramu, chukua kalipa. Umesema mwenyewe kinakatikia kwenye shina. Shina ni kitu gani? Ni pande lenye pembe nne, matundu mawili ya bolti, na mviringo linapoungana na kikombe. Hilo unalichora FreeCAD (programu ya michoro ya vyuma) jioni moja, Gmsh inalifanyia meshi safi hujamaliza chai, na kikombe chote cha juu unakigeuza kuwa nguvu na momenti. Maji hayajui kama umeskani. Na kama lazima utumie STL chafu, kuna fTetWild, unairushia takataka hizo za pembetatu na inakutolea tetrahedra (vipande vya nyuso nne) ndani ya kosa ulilolitaja wewe mwenyewe. Hakuna haja ya kubuni njia mpya kwa kikombe kimoja.

Lingine. Mzunguko 1000 kwa dakika nozeli moja maana yake kila kikombe kinapigwa mara 60,000 kwa saa, mara milioni moja na laki nne na ushee kwa siku. Hicho chuma kinachoka, hakivunjwi na mpigo mmoja. Kwa hiyo usije hapa na picha ya rangirangi ukasema mkazo uko chini ya kikomo tumemaliza. Na vile vilivyolehemiwa juu ya kulehemiwa usiviweke kwenye hesabu yoyote, chuma cha pembeni ya lehemu kimeshabadilika, na kile kilichosubiwa kwa kunakili kikipasuliwa utakuta vipovu vya hewa ndani. Skana haioni vipovu.

arua_kodi

Mzee heshima yako. Kwa kikombe kimoja tungemaliza hapo kwenye FreeCAD. Ila jamaa anataka kubadilisha shina mara kadhaa, na mviringo wenyewe kwa vile vilivyonakiliwa hauko sawa pande mbili, umesagwa kwa mkono, kalipa haiingii vizuri mle. Skani inalipa hapo. Hata hivyo kazi ya mzee ifanyike, itakua ya kulinganishia.

Mama matriksi amekupa asali, mi nakuletea nyuki.

Shida kubwa ya hizi njia ni seli iliyokatwa ikabaki na kachuma kidogo sana. Chukua mfano mwepesi kabisa, fimbo inayovutwa, elementi (vipande vyake) zote zina urefu h, ila ya mwisho chuma kinaishia njiani, kimejaza sehemu η tu ya hiyo elementi. Nodi ya kawaida ndani ya fimbo ina ugumu 2EA/h. Ile nodi ya mwisho inayoning'inia hewani ina ηEA/h. Kama η ni 0.001 basi nodi hizo mbili zimetofautiana mara 2000 na hujafanya lolote baya, ni pale tu gridi ilipoangukia. Kwenye 3D ni balaa zaidi. De Prenter na wenzake walionyesha 2017 kwamba namba ya kondisheni (jinsi makosa madogo ya hesabu yanavyokuzwa) inapanda kama η kwa kipeo cha −(2p+1−2/d), ambapo p ni digrii ya elementi na d ni idadi ya vipimo. Weka p=1 na d=3 unapata kipeo 7/3, yaani η ya 0.001 inakuharibia mara milioni kumi. Weka p=2 kipeo ni 13/3, inakua 10¹³, wakati namba za kompyuta zina tarakimu kama 16 tu za kuanzia. Alafu usiseme bahati yangu nzuri haitanifika, ukiwa na seli laki tatu lazima kuna moja imekatwa kwenye kona na kubaki na punje.

Ile 10⁻⁸ ya FCM inasaidia kiasi kwa sababu hewa inakua na ugumu kidogo, lakini ukiiongeza sana hewa inaanza kubeba mzigo na kikombe chako kinaonekana kigumu kuliko kilivyo. Kwa elementi za digrii ya kwanza, kugawa kila safu ya matriksi kwa namba yake ya ulalo kunatibu sehemu kubwa ya ugonjwa. Kwa digrii ya pili hakutoshi. Hapo kuna dawa mbili ninazoziamini. Moja ni gosti penati ya Burman, 2010: kwenye nyuso zinazounganisha seli zilizokatwa na jirani zake, unatoza penati pale ambapo mteremko wa jibu unaruka kutoka seli moja kwenda nyingine, kwa hiyo seli maskini inalazimika kufuata tabia ya jirani aliyejaa. Nyingine ni kuunganisha, ya Badia, Verdugo na Martín, 2018, seli maskini inanyang'anywa uhuru wake, nodi zake zinakokotolewa moja kwa moja kutoka kwa seli kamili iliyo karibu. Mi napenda hii ya pili kwa sababu hakuna namba ya kubahatisha. Iko kwenye GridapEmbedded, maktaba ya lugha ya kodi ya Julia. Ukitaka kuona gosti penati kwa kodi, deal.II (maktaba nyingine ya FEM) wana somo lao la step-85, ni duara tu na mlinganyo wa Poisson ila kila kitu kimeelezwa.

Kingine ni ule ufa. Ufa wako ni mwembamba kuliko seli, si ndiyo? Basi chuma cha upande huu na cha upande ule viko kwenye seli moja na vinatumia nodi zile zile, kwa hiyo kompyuta inaona pameshikana. Namba ya mzunguko yenyewe haitauona, skani imepita juu yake tu. Ufa unataka utaratibu wake, nodi za seli zirudufishwe kila upande uwe na zake, au XFEM ya Moës, Dolbow na Belytschko ya 1999 yenye fanksheni maalum kwenye ncha ya ufa. Kikombe cha ufa kiweke pembeni kwa sasa. Kitumie kujua ufa ulianzia wapi, hiyo peke yake ni data.

Na ukihifadhi umbali kwenye gridi, kila kona kali inaviringika kidogo, ule ukuta wa kugawa maji utatoka butu. Haina neno, haukatikii hapo. Ila matundu ya bolti usiyachukue kwenye skani kabisa, yatoe kwa hesabu. Silinda ina fomula yake, ukitaka kuitoboa kwenye chuma unachukua max ya umbali wa kikombe na hasi ya umbali wa silinda. Ukitaka kuongeza pande la chuma unachukua min. Sasa ona zile aina zako: shina nene ni kikombe kile kile min boksi, mstari mmoja wa kodi, gridi ile ile, hakuna kuziba wala kutengeneza meshi. Mviringo mkubwa ni min iliyolainishwa, nayo ni mstari mmoja.

rwenzori_fundi (Kasese)

Asanteni sana, nimepata kuliko nilichouliza. Ya mzee nitaifanya kwanza, kalipa ninayo. Hiyo ya max na min imenimaliza, yaani wiki nzima ya Blender imekua mstari.

Ila bado swali la nguvu ya maji halijajibiwa, na bolti je? Kwenye FEM ya kawaida nachagua nodi za ndani ya tundu nazifunga basi. Hapa tundu liko katikati ya seli.

mama_matriksi (Kampala)

Nguvu ya maji ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa sababu STL yako ambayo umeitukana hapo juu ndo itaibeba. Mzigo wa kwenye ngozi ni jumla ya presha juu ya eneo. Pembetatu zako ni ndogo sana kuliko seli, kwa hiyo kila pembetatu iliyo ndani ya kikombe iwekee pointi moja ya kati, tafuta iko kwenye seli gani, gawia nodi nane za hiyo seli kwa fanksheni zake za umbo, zile zinazosema kila nodi ipate sehemu gani. Basi. Pembetatu zisipokua zimefungana hazina shida, matundu yanakupunguzia eneo kidogo tu, na hilo unalirekebisha kwa kupima jumla ilingane na nguvu unayoijua.

Na unaijua. Mita 100 zinakupa kasi ya √(2×9.81×100), mita 44 kwa sekunde. Gurudumu lako likizunguka 1000 kwa dakika kwa kipenyo cha sm 42, kikombe kinakwenda mita 22, nusu ya kasi ya maji, kwa hiyo aliyelipima mwanzo alijua kazi yake. Maji yakigeuzwa kabisa kurudi yalikotoka, nguvu kwenye gurudumu zima ni 2×1000×0.02×22, kama nyutoni 880. Zidisha kwa mita 22 unapata kilowati 19 na ushee, inalingana na kimo chako, kwa hiyo namba zako ziko sawa. Lakini kokotoa pia gurudumu likiwa limekwama na mtu amefungua valvu, hapo kikombe kimesimama na nguvu inakua mara mbili, karibu nyutoni 1770 kwenye kikombe kimoja.

Usisahau mvuto wa kuzunguka. Kwa mzunguko huo kila kilo ya chuma kwenye sm 21 inavutwa nje kwa nyutoni 2300 hivi. Pima uzito wa kikombe, usishangae kama huo mvuto unashindana na maji yenyewe. Wenyewe haupigi na kuacha, upo muda wote, ni mkazo wa kudumu ambao juu yake maji yanapiga. Kwa hesabu ya uchovu unahitaji vyote viwili vikiwa mbalimbali. Kwenye gridi unaujumlisha pale pale kwenye pointi za Gauss, za chuma tu, zile za hewa ziwe na uzito sifuri kabisa, hapo usiweke 10⁻⁸ kwa mazoea.

Bolti. Kuna njia ya Nitsche, ya mwaka 1971, ya kulazimisha nodi zisizo kwenye mpaka zitii mpaka. Ni nzuri, ila ina namba ya penati ambayo kwenye seli maskini inabidi ipande kadri η inavyoshuka, mpaka uwe na gosti penati ya kuituliza. Kwako ningeiacha. Bolti ya kweli haishiki kwa ugumu usio na mwisho, ina kunyumbuka kwake, basi weka springi. Sambaza pointi kwenye uso wa silinda, kila pointi iwe na springi kuelekea kwenye bolti, ugumu uukadirie kutoka kwenye kipenyo na urefu wa bolti yenyewe. Inaingia kwenye matriksi kama ule mzigo wa maji ulivyoingia, na hailazimishi kitu.

arua_kodi

Naongezea la kupima tu maana hapa watu wanarukaga.

Usianze na kikombe. Anza na bamba lenye tundu dogo la duara, livute. Kirsch alilitatua mwaka 1898, mkazo pembeni ya tundu ni mara 3 ya ule unaouvuta nao. Tundu lako liwe limekaa hovyo kwenye gridi, lisilingane na mistari. Ukipata 2.4 elementi zako ni kubwa mno au za digrii ndogo, ukipata 5 kuna seli maskini inapiga kelele. Usisome mkazo kwenye punje ya chuma iliyobaki ndani ya seli iliyokatwa, hapo mteremko wa jibu hauna wa kuushika, soma kutoka kwenye seli iliyojaa jirani yake alafu vuta mpaka kwenye ngozi.

Alafu ukishaenda kwenye kikombe, sogeza gridi. Umbo liache lilipo, gridi isogeze robo ya seli kulia, rudia, isogeze juu, rudia. Meshi haitakiwi kujua umbo, kwa hiyo jibu halitakiwi kujua gridi ilikua wapi. Mkazo wa shina ukichezacheza asilimia mbili tatu niko sawa nao. Ukiruka kutoka 80 mpaka 130 achana na hiyo picha hata kama ina rangi nzuri. Hiki kipimo huwezi kukifanya kwa meshi ya kawaida kirahisi hivi, ndo faida moja isiyotajwa sana.

Ukubwa: boksi la mm 80 kwa 70 kwa 60 ukilikata kwa seli za mm 2 ni seli 42,000, laptopu haitahisi. Kwa mm 1 ni 336,000, na nyingi ni hewa zinatupwa, GB 16 zinatosha kwa digrii ya kwanza. Ukuta wa mm 5 kwa seli za mm 2 za digrii ya kwanza utaonekana mgumu kupita kiasi ukikunjwa, kwa hiyo ama mm 1, ama digrii ya pili pamoja na ile dawa ya kuunganisha seli. Mi ningeweka mm 1 kwenye shina peke yake na kuacha 2 kwingine. Na solva (programu inayotatua matriksi) ihifadhi jibu kwenye diski kila baada ya muda, umeme ukikatika usianze moja.

mzee_wa_katwe

Sawa, hiyo ya kusogeza gridi nimeipenda. Inafanana na kugeuza kazi kwenye lethi uone kama imekaa katikati.

Kijana hicho kikombe ulichokiita kizima, umejuaje ni kizima? Kisafishe shina mpaka chuma king'ae, paka ile rangi nyekundu ya kupenya, futa, nyunyiza ile nyeupe, subiri. Ufa wa unywele utajichora wenyewe. Fanya hivo kwa vikombe vyote vya gurudumu kabla hujachagua cha kukokotoa, na andika ufa uko upande gani wa shina, upande wa maji au wa nyuma, na uko karibu na bolti ya juu au ya chini.

Swali langu kwa hao wa matriksi. Mnaweka springi mbili, bolti mbili, zote zimekaza. Mimi nikifungua magurudumu ya namna hiyo nakuta bolti moja imelegea, kila mara. Ikilegea ya juu, ya chini inabeba peke yake na shina linaanza kucheza kwenye sahani. Hilo mnaliwekaje?

mama_matriksi (Kampala)

Mzee hilo ni jepesi, springi za hiyo bolti zipewe sifuri. Ila shina likicheza linagusana na sahani na kuachia, hapo ni mguso, hesabu inakua ya kurudiarudia. Aanze na sifuri tu bila mguso, atapata picha mbaya kuliko hali halisi na itatosha kuonyesha mkazo unahamia wapi.

rwenzori_fundi (Kasese)

Nimeandika. Kesho mtambo unasimama mchana, nafungua gurudumu, napaka rangi vikombe vyote, na kabla sijalegeza bolti yoyote nazipima kwanza na spana ya toki nione ipi ililegea. Bamba la Kirsch naliendesha leo usiku umeme ukiwepo. Arua_kodi, hiyo min iliyolainishwa ya mviringo, una fomula unayoitumia au nichukue yoyote?

arua_kodi

Ya polinomia, yenye k moja. Ila k si nusu kipenyo cha mviringo moja kwa moja, inategemea pembe ya nyuso mbili zinapokutana. Ukishapata ngozi mpya, kata sehemu ya shina kwa bapa, chora duara juu yake upime nusu kipenyo halisi, ndo uandike kwenye jedwali. Nitumie jibu la Kirsch nikuangalizie.